Programu imewapanga wavuvi wote wa mwaloni tabaka moja, tajiri na kibarua. Nimekosea wapi?

#1 Msomi Mchovu

Wakuu, mwangaluka.

Naomba msaada wa haraka, nina siku tisa tu kabla ya kukaa tena na msimamizi wangu na mara ya mwisho hatukuachana vizuri. Utafiti wangu ni wa tabaka la mzazi na elimu ya mtoto kwa kaya za ufukweni: Kirumba, Igombe na mwalo mmoja (pale mitumbwi inaposhusha samaki) upande wa Ukerewe. Nikaongeza vijiwe vitatu vya bodaboda mjini ili nisiwe na wavuvi watupu. Madodoso yamezidi 400 kidogo. Kila mtu nilimuuliza anafanya kazi gani, usiku nakaa na ISCO-08, kitabu cha Shirika la Kazi Duniani cha kuainisha kazi, naipa kila kazi msimbo wake wa tarakimu nne. Mvuvi 6222, bodaboda 8321, machinga 9520, mwalimu wa msingi 2341, hivyo hivyo. Wiki tatu. Macho yamekuwa mekundu kama ya mtu aliyekesha kwenye dagaa.

Msimamizi hataki misimbo. Anataka matabaka ya EGP, yale ya Erikson, Goldthorpe na Portocarero ya mwaka 1979. Nikapata amri ya Stata, programu ya takwimu, inayobadilisha misimbo kuwa matabaka, nikaipa safu yangu, nikabonyeza. Sekunde mbili kazi imekwisha. Nikaenda kula sato kwa furaha.

Niliporudi ndio nikaangalia jedwali kwa utulivu.

Wavuvi wote wako sanduku moja. Pale Igombe kuna mzee ana mitumbwi mitatu na nyumba mbili za kupangisha. Yuko pamoja na kijana anayelala chini ya turubai na hata kasia si lake.

Halafu nina madaktari 17. Sijahoji daktari hata mmoja maishani mwangu.

Na kuna kaya mbili za wanajeshi. Kwenye makundi makuu mmoja kawa meneja, mwenzake kawa fundi sanifu.

Nimekosea wapi, au nibadilishe mada?

#2 Bondo la Sangara

Nimewahi siti ya mbele. Huyo mzee wa Igombe akijua umemweka kapu moja na vibarua wake atakufuata hadi chuoni na kasia mkononi.

#3 Dada Takwimu

Msomi, usibadilishe mada. Una matatizo matatu na mawili kati yake ni ya nusu saa.

Madaktari wako ni wauguzi. Kwenye ISCO-88, toleo la zamani la kitabu chako, 2221 ni daktari. Kwenye ISCO-08, 2221 ni muuguzi mtaalamu. Madaktari walihamishiwa 2211 na 2212. Wewe umetia misimbo ya 08 kwenye amri iliyotungwa kwa ajili ya 88. Programu haina macho. Ikiiona namba kwenye jedwali lake inaipokea, haikuulizi umetoka nayo wapi. Na wauguzi ni wale tu uliowabahatisha kuwaona. 9111 ya 88 ni muuza chakula barabarani, 9111 ya 08 ni mfanya usafi wa majumbani, kwa hiyo kama ulihoji dada wa kazi yeyote, leo anauza maandazi. Kilichokuponza zaidi ni 8321: ni dereva wa pikipiki kwenye vitabu vyote viwili. Nina hakika ulikagua bodaboda kwanza, ukaziona ziko sawa, ukaridhika.

Zile amri kongwe za John Hendrickx, iskoegp na ndugu zake, zinajua 88 tu. iscogen ya Ben Jann inajua 88 na 08, ila ni juu yako kuiambia misimbo yako ni ya toleo gani. Usiache ikukisie.

Wanajeshi wameliwa sifuri na Excel. Afisa wa jeshi ni 0110, askari wa vyeo vya chini ni 0310. Ukifungua faili Excel inaona namba, inatupa sifuri ya mbele, unabaki na 110 na 310. Kisha wewe ukachukua tarakimu ya kwanza kupata kundi kuu: 1 ni mameneja, 3 ni mafundi sanifu. Ungekuwa na sajenti, 0210, angeingia kundi la 2, la wataalamu. Msimbo wa kazi ni jina lililoandikwa kwa tarakimu, haujumlishwi wala haugawanywi, kwa hiyo uhifadhi kama maandishi tangu mwanzo:

tostring kazi, format(%04.0f) replace

Kisha unganisha na jedwali lako kwa merge m:1 na usiendee hatua nyingine kabla hujapiga tab _merge. Misimbo ambayo haikupata mwenzake ndiyo inayokuonyesha ulipochemka. Watu wengi hapa huandika drop, wanaifuta, na kuendelea na maisha.

Tatizo la wavuvi ni jingine kabisa, na halipo kwenye Stata. Nitarudi jioni, niko kazini.

#4 Rupia Mbili

Hamia programu ya R tu mkuu, ina kifurushi cha DIGCLASS, inabadilisha kwenda kila mfumo unaoutaka. Stata ni ya wazee.

#5 Msomi Mchovu

Dada Takwimu, wabeja sana. Nimehesabu wauguzi: 17 kamili. Na dada wa kazi watatu kweli wamegeuka mama lishe. Nimeona aibu peke yangu chumbani.

Rupia Mbili, nimejaribu kwenye R pia. Wavuvi bado wako kapu moja.

#6 Mzee Kigongo

Vijana, sisi tulifundishwa kwa Azimio la Arusha la 1967: nchi ya wakulima na wafanyakazi. Bendera ya chama ina jembe na nyundo, basi. Ndoano haikuwemo, na mvuvi hakujua ashike kipi. Naona hata Wazungu na sanduku zao 11 hawajamaliza kazi hiyo.

#7 Dada Takwimu

Nimerudi. Shikamoo Mzee Kigongo, umegusa penyewe.

Msomi, sikiliza. ISCO inauliza mtu anafanya nini kwa mikono na kichwa chake. Haiulizi anamfanyia nani. Mwenye mtumbwi anayevuta wavu na kibarua anayevuta wavu ule ule wote ni 6222, na ISCO haijakosea, kazi ni moja. EGP inauliza jambo la pili: mtu huyu anajitegemea, ameajiri wenzake, au ameajiriwa? Na kama ameajiriwa, analipwa kwa mshahara wa mwezi wenye cheo na pensheni, au kwa kazi aliyoifanya leo? Goldthorpe alijenga mfumo mzima kwenye uhusiano huo wa ajira. Kwa hiyo amri yoyote ya kubadilisha inataka vitu vitatu: msimbo, kama anajiajiri, na ana watu wangapi chini yake. Ukiipa msimbo peke yake itakupa tabaka la kukisia la msimbo huo, na msimbo mmoja una kisio moja. Ndiyo maana R na Stata zimekupa jibu lile lile. Hata ukihesabu kwa vidole utalipata hilo hilo.

Kwa mfumo wa EGP, mwenye shughuli yake nje ya kilimo akiwa na wafanyakazi ni IVa, akiwa peke yake ni IVb. Mkulima na mzalishaji mwingine wa mali ghafi anayejitegemea, mvuvi akiwemo, ni IVc. Kibarua wa kilimo na uvuvi ni VIIb. Wale wavuvi wako wanatakiwa wagawanyike angalau mara mbili.

Angalizo dogo kabla hujashtuka: kwenye namba alizozizoesha watu mtafiti Ganzeboom, matabaka yanaenda 1 hadi 11 lakini 6 haipo, na IVc ndiyo 11, imekaa mwisho baada ya vibarua wa shamba. Usije ukaitia kwenye modeli kama ngazi ya kupanda na kushuka. Nimeona tasnifu imefanya hivyo na imefaulu.

Swali langu kwako: dodoso lako lina hadhi ya ajira?

#8 Msomi Mchovu

Lina. Swali la 14: "Umejiajiri au umeajiriwa?" Nimelitupa kwa sababu karibu wavuvi wote walijibu wamejiajiri. Hata yule wa kwenye turubai.

#9 Bondo la Sangara

Sasa niache utani. Mzee wangu alikuwa na mitumbwi, nimekulia kambini, nitawaambia kwa nini anajibu hivyo.

Hakuna mvuvi anayesema "nimeajiriwa". Aliyeajiriwa ni mwalimu, nesi, askari, mtu mwenye mshahara na benki. Mvuvi analipwa kwa mgao. Kwa mzee wangu ilikuwa hivi: mzigo ukiuzwa, zinatolewa kwanza gharama, yaani mafuta ya injini, taa, chakula cha kambi. Kinachobaki kinakatwa nusu. Nusu ya tajiri, nusu wanagawana vijana wanne wa mtumbwi na nahodha anaongezewa kidogo. Usiku mzigo ukiwa hakuna, vijana hawapati kitu na gharama inaandikwa kwenye daftari, italipwa usiku mwingine. Sasa mtu ambaye asipopata halipwi, utamwambia kaajiriwa? Lakini jaribu kumuuliza hivi: ukiamua kesho uende mtumbwi mwingine, unaweza? Atacheka. Jina lake liko kwenye daftari. Nimewaona vijana wanahama usiku kwa sababu ya daftari lile, na nimemwona mzee wangu anapiga simu mialo mitatu kuulizia aliko mmoja.

Kwa hiyo anajitegemea kwenye hasara, ila kwenye kuondoka ameajiriwa. Mtajua wenyewe mnampa namba gani.

#10 Dada Takwimu

Bondo, ungeandika tasnifu wewe.

Wanaohusika na mambo haya wameliona. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani namba 188 wa mwaka 2007 kuhusu kazi ya uvuvi unamhesabu kuwa mvuvi hata anayelipwa kwa mgao wa samaki. Na kwenye mfumo wa hadhi za ajira, ule wa zamani wa 1993 ulikuwa na masanduku machache: mwajiriwa, mwajiri, anayejiajiri peke yake, mwanaushirika na anayesaidia kazi ya familia. Mwaka 2018 ukaja mpya, ICSE-18, ukaongeza mtu wa katikati ambaye mimi namwita mkandarasi tegemezi: halipwi mshahara, hasara ni yake, lakini soko lake, chombo chake au bei yake viko mikononi mwa mtu mwingine. Kijana wa mgao anasimama mlango wa sanduku hilo. Wengine watamwita mwajiriwa wa mgao moja kwa moja.

Kwa EGP ningemweka VIIb. Hana chombo, hana wavu, analipwa kwa kilichovuliwa usiku ule. Kwamba mwenyewe anasema amejiajiri ni habari nzuri kwa sura nyingine ya tasnifu, lakini si jibu la swali la Goldthorpe.

#11 Deiwaka wa Buhongwa

Na sisi wa boda mtuweke wapi? Kijiweni kwetu tuko wa aina nne na wote tumevaa reflekta moja.

Kuna mwenye pikipiki yake. Kuna wa hesabu, analaza hela ya bosi kila jioni, ikizidi ni yake. Kuna wa mkataba, analaza hesabu vile vile ila muda wa mkataba ukiisha chombo kinakuwa chake, na akiyumba siku kadhaa bosi anakuja na ufunguo wa akiba anakichukua, hata kama amebakiza mwezi mmoja. Na kuna sisi madeiwaka, tunashika chombo cha wa hesabu akienda kula au akiumwa. Mimi bosi wangu naye ana bosi.

Huyo jamaa aliyekuja kutuhoji alituuliza tunafanya kazi gani, tukamwambia boda, akaandika akaondoka. Kama ndio wewe Msomi, ulisahau kalamu.

#12 Msomi Mchovu

Ndio mimi. Ya bluu?

#13 Deiwaka wa Buhongwa

Imeisha wino.

#14 Dada Takwimu

Deiwaka, asante, umenirahisishia. Mwenye chombo chake, IVb bila ubishi. Wa hesabu na deiwaka, mimi nawapeleka VIIa, tabaka la wafanyakazi wa mikono nje ya kilimo, maana ni madereva wasio na chombo. Wa mkataba ndiye atakayekutoa jasho Msomi, maana Januari ni kibarua na Desemba ni mmiliki, na msimbo wake umebaki 8321 mwaka mzima. Amua kanuni moja, iandike kwenye sura ya tatu, uifuate kwa wote. Mimi ningetumia kadi ya pikipiki: imeandikwa jina la nani siku ya mahojiano?

#15 Rupia Mbili

Mnamtesa bure. Atumie ISEI, alama ya hadhi ya kazi, ni namba moja, ngazi ya kupanda, inaingia kwenye modeli bila maneno. Au ESeC, mfumo wa matabaka wa Ulaya, ile ina njia fupi kwa asiye na data ya hadhi ya ajira.

#16 Dada Takwimu

ISEI inatoa alama moja kwa msimbo mmoja, kwa hiyo tajiri wa Igombe na kijana wa turubai watapata alama ile ile hadi nukta. Umebadilisha sanduku kuwa rula, waliomo hawajatengana. Tena ile ya kwanza ya 1992 ilitengenezwa kwa takwimu za wanaume wa nchi 16. Kwenye toleo la ISCO-08 ndipo wanawake wakaingizwa. Kwa mtu anayesoma mwalo ambao nusu ya kazi ya nchi kavu ni ya wanawake, hilo ni jambo la kulitaja.

Njia fupi ya ESeC ni ya mtu aliyekabidhiwa data ya watu waliokwisha kutawanyika. Msomi ana namba za simu za watu wake na daladala ya Igombe anaijua.

#17 Binti wa Nyegezi

Samahani naingilia. Mimi nina data ya zamani yenye ISCO-88, nataka kuilinganisha na mpya ya 08. Kuna jedwali la kubadilisha moja kwa moja?

#18 Dada Takwimu

Majedwali yapo na Shirika la Kazi Duniani lenyewe linayatoa, ila si ya moja kwa moja. 6152, mvuvi wa maziwa na pwani, anaenda vizuri 6222. Lakini 6210 ya 88, mkulima na mvuvi wa kujikimu, imepasuka vipande vinne: 6310 mazao, 6320 mifugo, 6330 mchanganyiko, 6340 wavuvi na wawindaji. Hakuna programu itakayojua huyu wako ni yupi. Lazima urudi kwenye maneno aliyoyasema, kama yaliandikwa. Kama hayakuandikwa, bakia ngazi ya tarakimu mbili.

Na muuza duka wa mtaani, mangi wetu, aliwekwa 1314 kwenye 88, kundi la mameneja. Kwenye 08 ni 5221, kundi la wauzaji. Ukilinganisha miaka bila kujua hilo utaandika kwamba mameneja wa Mwanza wameporomoka, kumbe mangi yuko pale pale na daftari lake la madeni.

#19 Mzee Kigongo

Dada, marahaba, nilisahau kuitika. Nina jambo moja la zamani, huenda likamfaa kijana.

Niliwahi kuwa mdadisi wa utafiti wa nguvukazi, tukapangiwa visiwani. Swali lilikuwa la siku saba zilizopita: ulifanya kazi gani? Tulifika mwezi ukiwa mpevu. Mnajua dagaa wanavuliwa kwa taa, na mwezi ukiwaka taa haina kazi, dagaa hawakusanyiki. Vijana wote walikuwa nchi kavu. Mmoja alikuwa anasuka paa, mwingine anaendesha pikipiki ya mjomba wake, mwingine anapalilia mihogo, na wengi walisema wamepumzika. Nikaandika kama nilivyoambiwa. Kisiwa kizima, mitumbwi imepangwa mchangani mbele ya macho yangu, nyavu zimeanikwa, na kwenye makaratasi yangu wavuvi hawafiki kumi.

Msimamizi wetu alikuwa mtu wa hapa hapa ziwani. Alipoyaona hakugomba. Aliuliza tu, "Mlienda mwezi wa ngapi?" Nikamwambia mwezi wa nane. Akasema, "Sikuulizi wa kalenda."

Kijana, wewe ulienda lini?

#20 Msomi Mchovu

Mzee wangu, shikamoo. Nimeangalia tarehe za madodoso kwenye kalenda yenye mwezi. Kirumba na Igombe nilienda giza. Ukerewe nilienda mwezi ukiwa juu, kwa sababu usiku ulikuwa unaonekana vizuri na niliogopa njia.

Kule nina waendesha pikipiki 11 kwenye mwalo wenye pikipiki nne.

#21 Bondo la Sangara

😂😂😂 Naondoka kazini mapema.

#22 Dada Takwimu

Mzee Kigongo, hilo nimeliandika kwenye daftari langu.

Msomi, usihangaike na swali la 14 tena. Rudi ukaulize matatu, kwa lugha yao. Chombo na nyavu ni vya nani? Hela inakufikia kwa hesabu gani, na nani anaikata? Na wangapi wanakula kwa kazi unayoisimamia wewe? La tatu liulize kwa idadi, usikubali "vijana wachache", maana mpaka wa mwajiri mdogo na mkubwa umekaa kwenye idadi: zana nyingi za EGP zinakata kwenye 10, mfumo wa Uingereza wa NS-SEC unakata kwenye 25. Kwa wa Ukerewe, waulize kazi ya giza na kazi ya mwezi, uandike zote mbili.

Na wanawake wa dagaa uliwapa msimbo gani?

#23 Msomi Mchovu

9216, vibarua wa uvuvi.

#24 Dada Takwimu

Wote? Anayelipwa kwa ndoo kuanika kwenye chanja za mtu, sawa, mwache hapo. Anayenunua kwa hela yake mtumbwi ukifika, anaanika, anageuza, anafunga magunia na kuyasimamia hadi sokoni Mwaloni, huyo si kibarua wa mtu. Kama muda wake mwingi uko kwenye kuandaa na kukausha ni 7511, kama uko kwenye kuuza ni 5211. Na anajitegemea, kwa hiyo IVb, au IVa akiwa amewaweka wale wa ndoo. Umewashusha matajiri kuwa vibarua kwa sababu wamevaa kanga.

#25 Bondo la Sangara

Nami nina la kuuliza. Tajiri ambaye hajawahi kukanyaga mtumbwi, yuko Kirumba na simu mbili na daftari, ni mvuvi kweli?

#26 Dada Takwimu

Kwa ISCO, hapana. Kazi yake ni kupanga, kununua mafuta, kuajiri nahodha, kutafuta soko: 1312, meneja wa uzalishaji wa uvuvi. Mwenye mtumbwi mmoja anayeingia majini na vijana wake abaki 6222. Hapo hata msimbo unawatenganisha kabla hujafika kwenye tabaka. Mzee wa Igombe anaingia majini?

#27 Msomi Mchovu

Sijui. Kesho naenda Igombe.

#28 Msomi Mchovu

Wakuu, siku nne baadaye. Nimepiga simu za kutosha, na waliokosekana nimewafuata.

Mzee nilimkuta chini ya mwembe anashona wavu, miwani imefungwa kwa uzi. Nikamuuliza chombo ni cha nani, akanionyesha kwa kidevu mitatu iliyoegeshwa. Nikamuuliza ana vijana wangapi. Akasema, "Wangu, au wanaonidai?" Nikasema wote. Akatoa daftari mfukoni, akalamba kidole, akahesabu kurasa: kumi na wawili majini, na mwanamke mmoja wa kuwapikia. Kumi na tatu. Nikamuuliza kama anaingia ziwani mwenyewe. Alinyamaza kidogo, akasema aliacha baada ya mgongo, ila usiku wa upepo haendi kulala mpaka taa zake tatu zirudi, anazijua kwa mpangilio.

Kwa hiyo 1312. Kwa mpaka wa 10 yuko tabaka la I pamoja na mabosi wa mjini. Kwa mpaka wa 25 ni mwajiri mdogo, IVa. Na kama ningeng'ang'ania 6222 angekuwa IVc. Nimeendesha modeli kwa njia zote tatu, nitaziweka zote kwenye kiambatisho, na kwenye maandishi nimemweka IVa. Mtu anayeshona wavu wake mwenyewe nimeshindwa kumwandika I.

Kijana wa turubai ni VIIb. Nilipomuuliza nani anakata hela alisema "tajiri", nikamuuliza na wewe umejiajiri? Akasema ndiyo.

Wavuvi sasa wako matabaka manne. Wanawake wa dagaa wamegawanyika pia, na mmoja wa Kirumba ana watu sita wa chanja, ni IVa kama mzee. Bodaboda nimetumia kadi ya pikipiki. Sita wa mkataba wamebaki VIIa, mmoja alininunia.

#29 Deiwaka wa Buhongwa

Ni mimi rafiki yake. Kabakiza wiki mbili tu, mwandike mmiliki.

#30 Msomi Mchovu

Siku ya mahojiano kaka. Kanuni ni kanuni.

#31 Mzee Kigongo

Na wale 11 wa Ukerewe?

#32 Msomi Mchovu

Mzee, saba nimewapata kwa simu, wote ni wa dagaa. Wanne simu hazipatikani tangu juzi. Giza limeingia, wako majini. Kesho napanda kivuko cha Ukerewe, niwasubiri alfajiri wakishusha.

#33 Bondo la Sangara

Chukua koti. Na kalamu mbili.